Maji ya Kisima, Rangi Nyeusi na Taulo la Kukaushia

Wenye magari wa Dar es Salaam hubishana sana kuhusu sabuni. Yupo anayeapa kwamba sabuni ya unga inachakaza rangi, yupo anayetumia shampuu ya nywele kwa kuamini kuwa kisichodhuru kichwa hakiwezi kudhuru bati, na yupo anayesema sabuni yoyote inafaa mradi itoe povu la kutosha. Sina nia ya kuyaingilia mabishano hayo. Ninachoshangaa ni kwamba ubishi wote hukoma mara povu linaposuuzwa, kana kwamba kazi imekwisha, ilhali kwa maoni yangu hatua inayoamua rangi ya gari itakuwaje baada ya miaka mitano ni ile inayofuata, yaani namna maji yaliyobaki juu ya gari yanavyoondolewa na kitu kinachotumika kuyaondoa.

Gari langu ni jeusi. Rangi nyeupe husitiri, na ya fedha husitiri zaidi, lakini nyeusi hutangaza kila doa la maji na kila mkwaruzo, hasa saa kumi jioni jua linapopiga kwa ubavu. Aliyenunua gari jeusi kwa sababu ya urembo wake hujikuta amelazimika kusoma mambo ambayo mwenye gari jeupe hahitaji kuyajua. Nitaeleza hapa njia ninazozifahamu za kukausha gari, nitasema ipi naiona bora kwa mtu anayeoshea gari uani kwake katika mji wenye joto, vumbi na maji ya kisima, na sitaficha kwamba baadhi ya njia zinazopendwa sana naziona hazifai.

Jambo la kwanza ni maji yenyewe. Maji ya bomba ya DAWASA, mamlaka ya maji ya mji huu, hutoka kwa kiasi kikubwa Mto Ruvu, lakini nyumba nyingi za mji huu zina kisima kirefu kinachotumika peke yake au kusaidiana na bomba, na kadiri unavyosogea pwani ndivyo maji ya visima vingi yanavyokuwa na ukali wa chumvi. Ukichota maji hayo yanaonekana safi kabisa, kwa kuwa madini yaliyoyeyuka hayana rangi. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba maji yenye madini yaliyoyeyuka chini ya miligramu 600 kwa lita kwa kawaida huwa na ladha nzuri, na kwamba yakipita takribani miligramu 1,000 ladha yake huanza kuchukiza. Tuchukue kisima cha miligramu 1,000. Ukiacha juu ya bodi ya gari maji ya kujaza glasi moja ya mililita 250 yakauke yenyewe, maji yataondoka na hewa lakini robo gramu ya madini itabaki palepale, si kwa kutandazwa sawasawa bali kwa kurundikana pale ambapo kila tone lilikuwa. Osha gari hivyo kila Jumamosi, kisha hesabu mwenyewe.

Madini hayo hayafanani. Chumvi ya kawaida, ile inayofanya maji yawe na ladha ya bahari, huyeyuka tena ukiimwagia maji, kwa hiyo doa lake ni la muda tu, ingawa haifai kuachwa kwenye viungo vya bati kwa sababu huchochea kutu. Kalsiamu na magnesiamu ndizo zenye matatizo. Maji yenye kalsiamu nyingi yanapokauka huacha kabonati, yaani chokaa ileile inayoganda ndani ya birika la chai na kuziba matundu ya bomba la mvua bafuni. Chokaa hiyo haitoki kwa maji wala kwa sabuni, na ikikaa juani juu ya rangi kwa wiki kadhaa huanza kuacha alama kwenye rangi yenyewe. Wingi wa kalsiamu na magnesiamu ndio unaoitwa ugumu wa maji, na maji yenye ugumu unaozidi miligramu 180 kwa lita, ukipimwa kama kabonati ya kalsiamu, huhesabiwa kuwa magumu sana. Ukanda wetu wa pwani, pamoja na Zanzibar na Mombasa, una maeneo mengi yaliyokaa juu ya mwamba wa matumbawe, ambao nao ni chokaa, na maji yaliyopita humo huibeba.

Mtu asiye na kipimo anaweza kuyajua maji yake kwa njia rahisi. Chukua kipande cha kioo cheusi, au hata kioo cha simu iliyokufa, kiweke kivulini, dondoshea matone machache ya maji unayooshea gari, acha yakauke. Ukiona pete nyeupe yenye ukingo mkali na katikati pakavu patupu, umeona picha ndogo ya kinachotokea kwenye boneti. Ukingo huwa mkali kwa sababu tone hukaukia zaidi pembezoni, na maji yaliyo katikati husogea kwenda kujaza pembe hizo yakibeba madini yake. Sugua pete kwa kidole kilicholowa maji safi: ikitoka, nyingi ni chumvi, isipotoka, una chokaa.

Hapa niongeze neno kuhusu imani moja iliyoenea, kwamba matone ya maji juani hugeuka lenzi na kuunguza rangi. Tone lililolala juu ya bati halifanyi hivyo, kwa kuwa mwanga linaoukusanya ungekutana mbali zaidi ya uso ambao tone limeukalia. Jua lina hatia, lakini ni ya namna nyingine: boneti nyeusi iliyoachwa mchana wa miezi ya kaskazi hupita kwa urahisi nyuzi joto 60, na juu ya bati la namna hiyo maji hukauka kabla hujazunguka upande wa pili, yakiacha chokaa iliyookwa. Kwa hiyo naosha asubuhi mapema au jioni, kivulini, baada ya kuweka kiganja juu ya boneti na kuona kwamba ninaweza kukiacha hapo bila kukiondoa. Kivuli cha ukuta nakipenda kuliko cha mwembe. Mwembe hudondosha utomvu, na ndege wake hawana adabu.

Jambo la pili ni vumbi. Rangi ya gari la kisasa ina matabaka, na la juu kabisa ni lile ambalo mafundi wetu huliita klia, tabaka angavu lisilo na rangi linalobeba mng'ao wote na kuilinda rangi iliyo chini yake dhidi ya jua. Unene wake kwa kawaida ni kama milimita 0.04 hadi 0.05, yaani karibu nusu ya karatasi ya fotokopi. Mchanga wetu una chembe nyingi za kwatzi, ambayo ugumu wake kwenye kipimo cha Mohs ni 7, wakati kioo cha dirisha ni kama 5.5. Ikiwa chembe hiyo inaweza kuchora kioo, klia haina nafasi ya kushindana nayo. Ile mikwaruzo myembamba unayoiona imezunguka mwanga wa taa ya kituo cha mafuta juu ya boneti ya gari jeusi haikutokana na ajali. Ni alama za chembe zilizoburutwa kwa kitambaa, na kila kukausha kuliongeza kidogo.

Ukiyaweka mambo hayo mawili pamoja unaona ugumu wa uchaguzi wenyewe. Maji magumu yanakulazimisha uyaondoe haraka, kabla hayajakauka. Vumbi linakukataza kufuta. Njia bora kwangu, basi, ni ile inayoondoa maji mengi zaidi kwa kuigusa rangi kidogo zaidi, na kwa kigezo hicho nazipima njia zote.

Kuliacha gari likauke lenyewe hakuna mguso wowote, na mtu wa Njombe au Mbeya aliyekinga maji ya mvua anaweza kufanya hivyo bila madhara makubwa. Kwa maji ya kisima cha Dar ni kukaribisha chokaa kwa mikono miwili. Kuliendesha ili upepo ulikaushe nakuona kubaya zaidi, ijapokuwa kuna watu wenye akili zao wanaokutetea: bodi yenye unyevu hunasa vumbi la barabara kuliko bodi kavu, maji yaliyojificha kwenye saidi mira hutiririka yakichora mistari kwenye mlango, na katika foleni ya Barabara ya Bagamoyo huo upepo unaotegemewa haupo.

Fulana kuukuu ndiyo inayotawala uani kwetu, na baada ya kila uchaguzi mkuu akiba ya nchi huongezeka kwa fulana za kampeni. Pamba laini iliyofuliwa mara nyingi si adui mkubwa, na khanga iliyochakaa ni nafuu zaidi. Ubaya wa fulana ni mshono wa mabegani, pindo la chini, na ile picha ya kifuani iliyochapwa kwa wino mzito unaokauka na kuwa mgumu. Zaidi ya hapo, kitambaa bapa cha pamba hujaa maji upesi, na kikishajaa hakikaushi tena, kinayahamisha tu maji kutoka mlango wa mbele kwenda wa nyuma.

Ngozi ya kukaushia, ambayo wengi huiita shami, inahitaji maelezo marefu kidogo kwa sababu ina sifa kubwa kuliko inavyostahili. Jina lilitokana na mnyama wa milima ya Ulaya anayefanana na mbuzi, lakini ngozi halisi inayouzwa siku hizi ni ya kondoo, iliyolainishwa kwa mafuta ya samaki. Ile tunayouziwa na wamachinga kwenye mataa, iliyokunjwa ndani ya kopo refu la plastiki, si ngozi. Ni plastiki yenye matundu madogo, ambayo ikikauka hukakamaa kama ubao na lazima ilowekwe kwanza ndipo ilainike. Zote mbili hunyonya maji vizuri na hukamuliwa kwa urahisi, na kwenye vioo sijaona kinachozishinda kwa bei yake. Kasoro yake kubwa ni kwamba uso wake ni bapa. Chembe ya mchanga ikiingia kati ya ngozi na rangi haina pa kwenda, inabanwa hapo na kuburutwa hadi mwisho wa mkono wako. Kwa hiyo mimi hutumia shami kwa vioo tu, na sina mpango wa kubadilika.

Taulo la maikrofaiba linatatua tatizo hilohilo kwa umbo lake. Nyuzi zake ni za poliesta iliyochanganywa na poliamidi, mara nyingi kwa uwiano wa 80 kwa 20 au 70 kwa 30, na ni nyembamba kiasi kwamba urefu wa mita 9,000 hauzidi gramu moja kwa uzito. Utaalamu wa nyuzi za namna hii ulikomazwa Japani, ambako kampuni ya Toray ilitengeneza mwaka 1970 kitambaa cha kuiga ngozi kwa kutumia nyuzi nyembamba sana, kwa hiyo waweza kusema kwamba gari na taulo lake vimetoka nyumba moja. Nyuzi za taulo zuri hupasuliwa kiwandani ili zipate nafasi katikati yake, na maji huvutwa kuingia katika nafasi hizo badala ya kusukumwa huku na huku. Lakini kilichonishawishi zaidi ya unyonyaji ni manyoya yake. Chembe iliyobaki juu ya rangi huzama ndani ya manyoya na kuachana na klia. Haimaanishi kwamba haiwezi kukwaruza kabisa. Inamaanisha kwamba ina pa kujificha.

Si kila maikrofaiba ni taulo la kukaushia gari. Vile vitambaa vyembamba vya rangi ya njano au buluu vinavyouzwa kwa mafungu vinafaa kwa dashibodi na vumbi la ndani. La kukaushia huwa zito, kuanzia gramu 500 kwa mita ya mraba na kuendelea, na mafundi wa kung'arisha magari hutumia hata yanayozidi gramu 1,000. Mengine yamefumwa kwa vitanzi vilivyosokotwa, na mengine kwa vishimo vya mraba. Ya vitanzi nayapenda zaidi kwa sababu hubeba maji mengi kabla ya kulalamika, ila hukaa siku nzima kambani kabla ya kukauka, na wakati wa masika huweza kukaa mbili na kuanza kunuka. Unapolinunua, pitisha kidole pembeni mwa taulo. Likiwa na ukingo mgumu wa nailoni, au karatasi ya jina la kiwanda iliyoshonewa, ukingo huo utakwaruza. Ondoa karatasi kwa mkasi mdogo, na ukingo mgumu usiununue.

Upepo ndio unaoshinda kwa nadharia, kwa kuwa hauigusi rangi kabisa. Mashine ya kupuliza majani, inayotumiwa na watunza bustani, husukuma matone hadi yakaanguka, na hufika mahali ambapo hakuna taulo linaloweza kuingia: nyuma ya saidi mira, ndani ya vishikio vya milango, kati ya taa na bampa, kwenye kifuniko cha tangi la mafuta, kuzunguka namba ya gari na kwenye nati za rimu. Hasara zake ni kelele, umeme, na uani wenyewe. Ukiwa na uwanja wa saruji uliofagiliwa na kumwagiwa maji, mashine hiyo ni neema. Ukiwa na uani wa mchanga, unaosha gari ili ulirushie mchanga. Kompresa ya gereji ni jambo lingine. Hewa inayobanwa huzalisha maji ndani ya tangi lake, na kompresa iliyochoka hutoa na mafuta, kwa hiyo isiyo na kichujio cha kutenganisha maji na mafuta hukupulizia ukungu mchafu juu ya gari uliloliosha. Ninaikubali kwa mianya na kwa injini, si kwa boneti.

Ninavyofanya mimi, kukausha huanza kabla ya taulo kutoka ndani. Suuzo la mwisho silifanyi kwa mashine ya presha wala kwa kidole kilichoziba mdomo wa mpira ili maji yaruke. Naondoa kila kilicho mdomoni mwa mpira, naushusha karibu na paa, na kuacha maji yatoke taratibu kwa wingi, yakitanda kama shuka kutoka juu kwenda chini, paa kwanza, kisha vioo, boneti, buti na milango. Maji yanayotembea pamoja huvuta matone yaliyotangulia na kuondoka nayo. Kwenye gari lililopakwa nta jambo hili ni la kutazamwa: sehemu kubwa ya mlango hubaki karibu kavu, na kilichobaki ni matone machache ya kuokota. Maji yanayorushwa kwa nguvu hufanya kinyume, huvunjika na kuacha maelfu ya vitone, na kila kitone ni pete yake.

Kama maji ya kisima ni makali, suuzo hilo lifuatwe na jingine la maji laini. Sisemi mtu anunue mtambo wa kuchuja. Kiyoyozi cha chumbani hutoa maji usiku kucha kwa unyevu wa Dar, na maji hayo ni mvuke uliogeuka kuwa maji, kwa hiyo karibu hayana madini kabisa; yanachohitaji ni ndoo safi chini ya bomba lake na kitambaa cha kuyachuja vumbi. Maji ya mvua nayo ni laini, mradi uache mvua ya kwanza ioshe bati la paa kabla ya kuweka pipa. Ndoo moja ya lita 20 inatosha gari dogo ukiimwaga kwa kopo kutoka juu. Nikishafanya hivyo sina tena haraka ile ya kushindana na jua, kwa sababu tone nitakalolisahau litakauka bila kuacha kitu cha maana.

Hapo ndipo taulo linapoingia. Nina kubwa moja kwa bodi na dogo moja la kumalizia, na nalilowesha lile kubwa kidogo na kulikamua kwanza, kwani maikrofaiba kavu kabisa huchelewa kuanza kunyonya. Nalitandaza juu ya paa, naliacha litulie kwa kitambo kifupi, kisha nalivuta kwa pembe mbili likielekea kwangu, bila kulikandamiza. Uzito wake unatosha. Kwenye milango, ambako haliwezi kulala, nalibandika na kulibandua. Sizungushi mkono. Kuzungusha ndiko kunakochora ile mikwaruzo ya mviringo, na hata kama chembe itakwaruza, mkwaruzo ulionyooka hauonekani kirahisi kama uliozunguka. Chini ya milango, nyuma ya matairi na kwenye rimu hakuguswi na taulo hilo hata mara moja. Huko kuna kitambaa chake chenye rangi tofauti, ili hata msaidizi asiweze kuvichanganya. Mwisho nafungua milango, buti na kifuniko cha mafuta na kufuta kingo zake na mipira, kwa kuwa maji yaliyokaa hapo ndiyo yanayoshuka baadaye wakati umeshajisifu.

Wauzaji wa koti ya seramiki, ule utando mgumu unaopakwa juu ya klia, husema kwamba gari lililopakwa halihitaji kukaushwa. Maji hukimbia kweli juu ya koti hiyo, lakini yale yasiyokimbia hujikusanya katika matone manene, marefu, na tone nene lina madini mengi mahali padogo. Mwenye gari la seramiki anayeoshea kisima anahitaji taulo kuliko mimi. Kinachopungua ni kazi, si ulazima.

Siku nisipoosha nyumbani naenda kwenye sehemu za kuoshea magari kama watu wengine, na huko ndiko nilikojifunza kuangalia ndoo kabla ya kuangalia kitambaa. Nikiwa nimekaa kwenye benchi huko Kinondoni nilimtazama kijana mmoja, mwepesi wa mikono na mwenye bidii, akimaliza rimu ya nyuma kwa shami, akaichovya ndooni, akaikamua vizuri kabisa, akanyoosha mkono kuelekea boneti yangu. Ndoo ilikuwa nyeupe, na chini yake mchanga ulikuwa umetuama unene wa kidole.

"Mdogo wangu," nikamwambia, "si hiyo umetoka kufutia rimu?"

"Nimeisuuza, mkubwa."

"Umeisuuza wapi?"

Akatazama ndani ya ndoo, akacheka. "Basi ngoja nikuletee fulana."

Sikuwa na neno naye. Ndoo moja, shami moja na foleni ya magari ndivyo alivyopewa na mwenye eneo, na hakuna aliyemwambia kwamba mchanga wa rimu ya gari la kwanza ndio unaochora boneti ya gari la pili. Huwa naenda na mataulo yangu kwenye mfuko, naomba suuzo la mwisho lifanywe kwa mpira ulio wazi, na malipo naongeza kidogo kwa sababu naongeza usumbufu. Hawanuni. Baadhi yao wameanza kuniuliza taulo hilo linauzwa wapi.

Taulo lenyewe lisipotunzwa hugeuka kuwa kile kile tunachokikimbia. Nalifua kwa sabuni ya maji kidogo, peke yake, mbali na pamba, kwa kuwa nyuzi zake hunasa pamba za nguo nyingine na baadaye kuziacha juu ya boneti. Dawa ya kulainisha nguo ni marufuku: huacha utando juu ya nyuzi, na taulo lililolainishwa hivyo hunukia vizuri huku likikataa maji. Dawa ya klorini na pasi navyo huziharibu nyuzi. Kamba ya kuanikia iwe kivulini na juu ya sakafu, si juu ya mchanga, na likikauka liingie kwenye mfuko unaofungwa. Taulo likianguka chini wakati wa kazi, kwa siku hiyo limestaafu, hata kama limeanguka upande mmoja tu na unaona kabisa kwamba ni safi.

Kuhusu injini nitasema machache. Wengi huomba ioshwe pamoja na gari, na katika magari madogo mengi ya Japani plagi zimekaa ndani ya visima virefu juu ya injini, zikiwa zimefunikwa na koili. Maji yakiingia humo hayatoki kwa kukimbia na gari. Injini itatetemeka na kukosa moto. Hapo kompresa ina kazi halali: puliza kuzunguka koili kabla ya kuzichomoa, kisha puliza ndani ya visima. Aliye na akiba ya busara huifuta injini kwa kitambaa chenye unyevu tu.

Breki nazo husahauliwa. Diski ni chuma cha kalibu, na baada ya kuoshwa huota kutu nyembamba ya rangi ya chungwa ndani ya saa chache, haraka zaidi kwa maji ya chumvi. Kutu hiyo haina madhara na hufutwa na pedi mara unapoanza kwenda, lakini gari lililooshwa na kuegeshwa siku kadhaa hendibreki ikiwa imevutwa linaweza kukutwa limegandana nyuma. Nikimaliza kulikausha nalizungusha mtaani polepole nikikanyaga breki mara chache, ndipo naliegesha.

Na kwa aliyekwishachelewa, ambaye milango yake tayari ina pete nyeupe zisizotoka kwa sabuni, ipo siki nyeupe ya jikoni. Ichanganywe kwa kiasi sawa na maji laini, yale ya kiyoyozi yanafaa, kisha bati likiwa baridi na kivulini loweka kitambaa, kibandike juu ya doa kwa dakika moja au mbili, kitoe, suuza kwa maji mengi, na ukaushe palepale. Fanya sehemu ndogo ndogo, usiiache siki ikauke, na usiisambaze kwenye mipira wala kwenye chuma kilicho wazi. Asidi yake huyeyusha chokaa bila kuigusa klia kwa muda huo mfupi. Doa likitoweka, rudi kwenye taulo na nta. Likibaki kama kovu lenye kina ambacho ukucha unakihisi, madini yameshaila klia, na kinachoweza kulisawazisha ni kung'arisha kwa mashine, ambako nako hupunguza unene wa tabaka hilo. Kwa hiyo mwambie fundi apime unene wa rangi kabla hajaanza, na kama hana kipimo, mtafute aliye nacho.